Namna ya Kumwaga Tina Chafu Bila Kuulizwa na Mtu

Mwenye gereji ya kupuliza rangi hapo Mtwara mjini, mwenye karakana ya makabati, nawe mwenye banda la kupaka boti Mikindani: kazi imekwisha, bunduki ya rangi imeoshwa, brashi zimeoshwa, na sasa kuna ndoo ya tina nyeusi inayokutazama. Usihangaike. Njia ziko tele, na hazikugharimu hata shilingi.

Inayopendwa kuliko zote ni mtaro. Subiri mvua ya Januari, ile inayoshuka bila kupiga hodi, kisha mimina. Tina ni nyepesi kuliko maji, itaelea na kwenda zake bila kukwama. Sehemu kubwa itapaa hewani njiani, iingie vifuani mwa wapita njia, ambao hawatajua wamkoholee nani. Itakayobaki ni rangi yenyewe, na kama ni ile ya njano ya bei poa huenda ina risasi na kromu. Hiyo huzama kwenye matope ya mikoko. Serikali ilitenga Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma mwaka 2000, ikaweka na askari wa doria, lakini askari hukagua nyavu na baruti. Sijasikia aliyekamata mtaro. Kina mama wanaookota chaza maji yakikupwa hawatakufuata gerejini. Chaza hana risiti ya kuonyesha amekula rangi ya nani.

Ukiuonea haya mtaro, chimba shimo nyuma ya banda. Mchanga wetu wa pwani hunywa chochote. Hakikisha tu kwamba kisima kilicho karibu ni cha jirani, ingawa maji ya chini ya ardhi hayasomi hati za viwanja. Mvuke wa tina ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini na kulala humo shimoni. Toluini, iliyomo kwenye tina nyingi, hutoa mvuke wa kutosha kushika moto hata kwenye nyuzi joto 4, baridi ambayo Mtwara haiijui hata kusi livume vipi. Kwa hiyo msaidie fundi anayependa kuvutia sigara pale nyuma awe mwepesi wa miguu.

Lakini ustadi wenyewe uko kwenye chupa. Acha tina itulie siku mbili tatu: rangi inashuka na kuganda chini, juu inabaki tina ya manjano hafifu, safi kabisa kwa macho. Imimine kwenye chupa ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu, usibandue lebo, uiweke dirishani karibu na vikombe vya chai.

"Shikamoo mzee. Naomba maji."

"Marahaba. Chukua hapo dirishani. Siyo hiyo! Hiyo nyingine!"

"Ipi sasa, mzee?"

Akishameza, majirani watakimbilia kumtapisha, kwa nia njema, na kumtapisha ndiko kunakoweza kuipeleka tina mapafuni. Aliyemeza hatapishwi, anakimbizwa hospitali ya Ligula, na chupa yake mkononi ili daktari aione.

Matambara ya rangi ya mafuta yakunje vizuri, uyarundike pembeni ya mbao. Rangi hiyo ikikauka hutoa joto, na rundo linaweza kujiwasha lenyewe usiku bila kukusumbua kutafuta kiberiti.

Wapo wanaopenda kuharibu raha hizi. Wanasema tina iliyotulia irudishwe kuoshea brashi mara ya kwanza, tina mpya iwe ya kusuuzia tu, na hapo utaona manunuzi yanapungua. Matambara wanayalaza kwenye debe la maji lenye mfuniko. Tope la chini wanalitunza kwenye chombo cha chuma kilichoandikwa TINA CHAFU kwa herufi za kusomwa na mwenye kiu. Kisha wanataja Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kwamba taka hatarishi huchukuliwa na mwenye kibali, na kwamba NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa, ndio wa kuulizwa nani anacho kibali hicho. Nchi nyingine uchafu huu huchomwa kwenye matanuri ya saruji, yanayofika nyuzi 1,450 hivi. Nasi Mtwara kiwanda cha saruji tunacho, kwa hiyo swali la kuwauliza wakubwa lipo.

Kikwazo ni kwamba hakuna gari litakalofunga safari kwa ajili ya galoni yako moja. Basi mafundi watano sita wa mtaa mmoja wachangie pipa, likae bandani, kivulini, mbali na jiko la mama ntilie, juu ya sakafu ya saruji, na mfuniko wa kukaza. Ufunguo wa banda hilo akae nao yeyote mnayemwamini, isipokuwa yule wa sigara.