Visingizio vitano vya kukwepa mazoezi ya viungo

Tuhesabu kwa kushuka, tukianza na kilicho chepesi.

5. "Nina mtu wangu wa kunichua." Hongera, Shangazi, leo usiku utalala. Ila msuli wa paja hauchuliwi ukawa imara, unaujenga mwenyewe.

4. "Fimbo ni ya wazee." Haya, Mjomba, shikilia ukuta, na ukuta ukiisha utuite! Fimbo hulipunguzia goti mzigo, mradi uishike upande wa pili: likiuma goti la kulia, fimbo iwe mkono wa kushoto. Wengi huishika kinyume.

3. "Nameza diklofenaki." Inatuliza goti huku ikichokoza tumbo na figo, hasa kwa mtu mzima. Na bado haijamwinua mtu kitini.

2. "Magoti yamesagika, nikifanya mazoezi yatakwisha kabisa." Hiki kinaniuma, maana kimewakalisha watu ambao wangetembea. Gegedu la goti halina mishipa ya damu. Hulishwa na majimaji ya kiungo, nayo huzunguka goti linapokunjwa na kunyooshwa. Ukilipumzisha miezi, unalinyima chakula, na misuli ya paja inanywea. Kaa kitini, nyoosha mguu, hesabu hadi tano, shusha, rudia. Maumivu ya kuvumilika yanayotulia kufikia kesho yake si hatari, yakizidi, punguza. Lakini mgongo ukiuma pamoja na ganzi sehemu za siri au mkojo usiozuilika, hapo hakuna mazoezi: hospitali, siku hiyohiyo.

1. "Ni uzee tu." Bingwa wa visingizio! Kunja mikono kifuani, inuka kitini na kukaa, tena na tena, kwa sekunde 30. Mwanamume wa miaka 65 hadi 69 asiyefika mara 12, au mwanamke asiyefika 11, miguu yake imepungua nguvu na yuko katika hatari ya kuanguka. Nguvu hizo hurudi. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake, Marekani, walichapisha habari za wazee wa miaka 90 hivi, wakazi wa nyumba ya wazee, waliofanya mazoezi ya uzito kwa wiki 8: nguvu za miguu yao ziliongezeka zaidi ya maradufu.

Kama mama au baba anainuka kwa taabu, mpeleke kitengo cha fiziotherapia wiki hii. Ingia naye ndani ujifunze yale mazoezi, kwa sababu mengi atayafanya nyumbani, mbele yako.