Miji Mitatu kwa Siku Tatu? Mfyuu!

Mfyuuu! Yule kijana alipoikunjua karatasi yake ya safari, muuza kahawa aliacha hata kugonganisha vikombe. Jumapili Lisbon. Jumatatu Paris. Jumanne Roma. Jumatano alfajiri uwanja wa ndege, kurudi Mombasa.

"Hii ni matembezi au unakimbizwa na kanjo?" mzee mmoja akauliza. Kijiwe kizima kikaangua kicheko, isipokuwa mwenye karatasi.

Haya, tupige hesabu. Lisbon hadi Paris, hata kwa njia ya ndege, ni zaidi ya kilomita 1,400. Hiyo ni Mombasa hadi Nairobi mara tatu. Ongeza kuwahi uwanjani, foleni, kuvua mkanda, kuvaa mkanda, kisha kusaka treni ya kukuingiza mjini. Utakuwa umeona nini? Viwanja vya ndege vitatu, vyote vinauza chokoleti ile ile.

Na usidhani kuingia huko ni bure. Ada ya viza ya Schengen ni yuro 90, na hairudi hata ukinyimwa. Bima ya safari iwe ya kugharamia matibabu ya yuro 30,000 kwa uchache. Bado taarifa ya benki, bado barua ya kazini, bado alama za vidole. Lakini Vasco da Gama, aliyeng'oa nanga Lisbon Julai 1497, alifika hapa petu Aprili 1498, na hakuna aliyemuuliza akiba yake benki.

Mzee akasonya: "Laiti tungemuuliza!"

Basi tukamfutia Paris na Roma. Akabaki na Lisbon, akashika kalamu upya, safari hii kifua mbele: Jumatatu asubuhi aende Belém, kwenye monasteri ya Jerónimos, akalitazame kaburi la huyo huyo Vasco. Ala! Jumatatu? Baharia mmoja aliyewahi kushuka bandari ile akamkata kauli. Jumatatu pale pamefungwa, kama makumbusho mengi ya mji huo. Utapanda tramu namba 15 kutoka katikati ya mji, kilomita kama 6, ukapige picha na kufuli. Labda ujiliwaze kwa vikeki vya mayai na maziwa, vinavyouzwa jirani hapo tangu 1837.

"Panga hivi," baharia akasema, akichora chini kwa kijiti. Jumapili, Alfama. Jina lenyewe ni la Kiarabu, ndugu wa neno letu hamamu, na vichochoro vyake utadhani vya Mji wa Kale, ila hivi vinapanda mlima. Vaa viatu vinavyoshika, maana yale mawe madogo ya njiani yakinyeshewa ni sabuni tupu. Tramu namba 28, ile ndogo ya njano, ipande asubuhi mapema, na pochi ikae mfuko wa mbele. Watalii wanaipenda, lakini wachomoaji wanaipenda zaidi.

Jumatatu iwe ya kutembea Baixa. Tetemeko la Novemba 1, 1755 liliuangusha mtaa huo, wakaujenga upya kwa njia zilizonyooka kama mistari ya daftari. Njia haina mlango wala siku ya kufungwa. Jioni panda kilima chochote, utazame mto Tejo jua likizama. Jumanne ndiyo Belém, na ufike kabla foleni haijakomaa.

Kijana akakuna kichwa. "Sasa watu wakiniuliza, Paris je?"

Hapo ndipo penyewe! Kumbe ile miji mitatu haikuwa ya kuonwa, ilikuwa ya kuhadithiwa. Nusu ya ratiba za safari zetu fupi huandikwa kwa ajili ya majirani, na miguu inayouma ni ya msafiri peke yake.

"Atakayekuuliza Paris," mzee akamjibu, akisogeza kikombe kijazwe tena, "mwambie akulipie."

Nawe unayesoma huku umefungua kurasa za tiketi, sikia ya kijiweni: chagua mji mmoja, kisha ujue siku yake ya kufunga milango kabla hujalipa. Viza ya yuro 90 si ya kwenda kutazama kufuli.