Mwenyemeza wa Kamati ya Harusi

Orodha ya michango ya harusi haiandikwi na mtu mmoja. Inaanzia kwenye kundi la WhatsApp: kila anayechangia anainakili, anaongeza jina lake chini, anairudisha. Ikifika kwa mweka hazina, elfu hamsini imeshaandikwa 50,000/=, Tsh 50000, 50k, "hamsini nitatuma mwisho wa mwezi", na yuko mmoja aliyeweka viganja viwili vya kuombea dua, bila tarakimu yoyote. Mweka hazina wetu ni shangazi yangu, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, ambaye haitambui k kama fedha halali ya Jamhuri ya Muungano. Akaagiza kila kitu kiandikwe kwa tarakimu kamili kabla ya kikao cha Jumapili.

Mwanawe, binamu yangu, alikuwa amejifunza rejeksi chuoni muhula ule na hakuwa amepata pa kuitumia. Akaomba kazi. Shangazi, mtu wa methali, akasema mtoto akililia wembe apewe.

Kwa asiyeijua, rejeksi ni namna ya kuiambia kompyuta itafute maandishi kwa umbo lake. `[0-9]` ni tarakimu yoyote, nukta ni herufi yoyote iwayo, `+` ni moja au zaidi. Msingi wake uliwekwa mwaka 1951 na mwanahisabati Mmarekani, Stephen Kleene, alipokuwa akichambua mitandao ya mishipa ya fahamu; mwaka 1968 Ken Thompson akaonyesha jinsi ya kuitia kwenye programu ya kutafuta maneno. Kwamba ilianzia kwenye mishipa ya fahamu hakumshangazi yeyote aliyewahi kukesha nayo.

Amri ya kwanza ya binamu haikuwa hata rejeksi: tafuta k, weka 000. "Mama Kiki wa Kariakoo, 50k" akatoka "Mama 000i000i wa 000aria000oo, 50000".

"Lakini hela si imetoka sawa?" alijitetea. Na kweli ilikuwa imetoka sawa.

Akajirekebisha. Safari hii alitaka k inayotanguliwa na tarakimu tu, akaandika `([0-9]+)k`. Mabano yanaishika ile namba, na `\1` inairudisha baadaye. Kwa hiyo kwenye nafasi ya kubadilishia akaweka `\1000`, yaani: rudisha ulichoshika, ongeza sifuri tatu. Mimi na wewe hatuoni utata hapo. Lugha ya programu aliyoitumia, Python, iliuona. Baada ya ule mkwaju uliolala kinyumenyume ilikuta tarakimu tatu, 100, ikadhani imepewa namba ya herufi kwa hesabu ya msingi wa nane. Mia moja ya msingi wa nane ni 64 ya kawaida, na nambari 64 kwenye jedwali la herufi za kompyuta ni @. Sifuri ya mwisho ikabaki yatima. Kila palipokuwa na 50k, 100k au 20k, pakasimama kitu kimoja: @0.

Aliyewahi kushika risiti ya duka la jumla anajua @ inasomwaje. Shangazi akapitisha kidole kutoka juu hadi chini. "Kila mmoja, sifuri. Kila mmoja, sifuri." Akavua miwani. "Hii ndiyo taarifa ya kwanza ya kweli tangu kamati iundwe."

Dawa ni kuandika `\g<1>000`, ili namba ya mabano isigandamane na sifuri zinazofuata. Fedha zikakaa sawa, zikabaki namba za simu za kuwatumia wachangiaji ukumbusho. Binamu alitaka namba zote zianze na 255, akabadilisha sifuri. Sifuri zote. 0700, ambayo ni mwanzo tu wa namba, ikawa 2557255255. Alisahau kuivisha kofia: `^0` ni sifuri ya mwanzo wa mstari peke yake.

Majina ndiyo yaliyonitisha zaidi, kwa sababu pale amri ilifanya kazi barabara. `M[ou]ham+[ae]d` inawakusanya Mohamed, Mohammed, Muhammad na Muhamad kwa mkupuo mmoja, na kuiandika vile ni ustadi, sibishi. Ila sisi tunao watatu kwenye ukoo, na mmoja wao hajatoa kitu. Walipounganishwa wakawa mtu mmoja mkarimu kupindukia, na yule asiyetoa akapigiwa simu ya shukrani. Alizipokea.

Nilipocheka, binamu akanikumbusha Cloudflare, kampuni inayohudumia tovuti nyingi duniani. Ni kweli: tarehe 2 Julai 2019 kampuni hiyo iliweka kanuni mpya ya rejeksi yenye `.*` zilizofuatana, kompyuta zake zikawa zinarudi nyuma na kujaribu upya kila njia hadi zikaelemewa, na tovuti nyingi duniani hazikufunguka kwa karibu nusu saa. Aliisimulia kama mtu aliyegundua ana ndugu matajiri.

Kisha akapewa muhtasari wa kikao. Mwenye ukumbi alikuwa ametoza kwa meza, siyo kwa kiti, basi neno libadilishwe. Jumapili baba mkubwa, anayeongoza kamati, akasimama kusoma: "Mwenyemeza alifungua kikao saa kumi. Tunasimezaka kuwatangazia kuwa pameza za juisi zimepanda bei…" Akarudi mstari wa kwanza. "Kumbe mimi ndiye mwenyemeza? Basi sahani zianzie hapa."

Usiku ule nilimwonyesha binamu `\b`, alama ya mpaka wa neno. Kwa `\bkiti\b` mwenyekiti alirudi kwenye cheo chake, pakiti zikarudi dukani, tukasikitika kama zamani. Lakini palipoandikwa "kiti kimoja kilichokodiwa" sasa pakasomeka "meza kimoja kilichokodiwa", na ngeli haina alama kwenye rejeksi.

Sifuri za wachangiaji shangazi alizisamehe. Hili hakulisamehe. Alitoa kalamu nyekundu, akasahihisha ukurasa mzima, akampa mwanawe 4 kati ya 10, na chini akaandika: *Rudia ngeli ya I-ZI.*