Kashoka Kwenye Menyu

Mpwa wangu ndiye aliyeniponza. Kijana wa miaka 19, kazi hana, ila simu yake ina macho matatu na yangu ina moja, nalo lina mtoto wa jicho. Alinikuta kibarazani najipepea. Akasema, "Anko, siku hizi watu wanapata hela kwa kula." Nikamwambia mimi nakula tangu nazaliwa na sijawahi kulipwa hata thumni. Akasema kosa langu nakula kimyakimya. Unatakiwa ule, upige picha, useme neno. Mwenye mgahawa akishakujua, anakulisha bure ili usimchafue.

Bure! Mimi ukinitajia neno hilo masikio yanasimama kama ya sungura. Sikuuliza tena.

Nikaanza palepale mtaani. Sina mambo makubwa, nina status ya WhatsApp tu. Watazamaji wangu 41, mke wangu hayumo, yeye alishaninyamazisha tangu enzi za picha za mechi. Uchambuzi wa kwanza nikamfanyia Mama Zuhura, anayekaanga samaki pale kwenye nguzo ya umeme. Nikaandika: "Changu mzuri, ila chumvi imevuka mpaka." Mama Zuhura hayumo kwenye simu yangu. Wateja wake wote wamo. Kesho yake akanipa mkia. Keshokutwa mkia. Mpaka leo, kwa yule mama, samaki wangu wote wamezaliwa mikia mitupu.

Nikahamia kwa kaka wa pweza, kituoni. Nikaonja supu, nikakunja uso wa kitaalamu, nikasema naiona nyepesi, haina nguvu. Benchi zima likageuka. Kaka hakuacha hata kukatakata, akaniuliza kwa sauti: "Kwani ya jana haijakusaidia, mzee?" Unajua mwenyewe supu ya pweza watu wanainywea nini. Benchi nalo linajua. Nikalipa, nikaondoka, na chenji nikaiacha.

Kwa hiyo ulipofunguliwa mgahawa wa Wachina wa samaki, hapahapa Kinondoni, hatua chache kutoka kwa fundi viatu, nikasema Mungu kaniletea watu wasionifahamu. Nikavaa shati la harusi. Mfukoni wekundu watano wa Msimbazi, yaani elfu hamsini kamili. Ilikuwa ya kodi, lakini si nakwenda kula bure? Ile ni ya kutembea nayo tu, mwanaume asiwe mtupu.

Mlangoni nikamkuta mama mmoja wa Kichina na kikokotoo mkononi. Nilikuwa nimejifunza salamu usiku kucha. Nikainama, nikasema, "Nihao!" Akanijibu, "Salama kaka, karibu, mko wangapi?" Kiswahili kimenyooka, cha Kariakoo kabisa. Baadaye mhudumu aliniambia yule mama kauza mabegi Kariakoo miaka na miaka kabla ya kuingia kwenye samaki. Nikajikohoza. Nikamwambia mimi ni mchambuzi wa misosi. Akaniangalia kuanzia shati mpaka viatu, akasema, "Sawa kaka, kaa pale." Nikajua tayari, nimeshaingia kwenye bajeti yao.

Pale penyewe ni meza ya duara ya watu kumi. Katikati kuna kioo cha mviringo kinachozunguka, ukisukuma chupa ya soya sosi inakwenda kumsalimia mwenzako upande wa pili. Mimi sina mwenzangu. Nikakisukuma kidogo nijaribu. Soya sosi ikaondoka, ikapita viti tisa vitupu, ikarudi. Nikaisukuma tena. Tuliendelea hivyo mpaka chai ilipokuja.

Chai haina maziwa, haina sukari, haina hata rangi ya kutisha. Nikaomba sukari. Mhudumu, binti wa Kitanga, akaniletea kwa kuificha kwenye kiganja kama ananipa dawa ya aibu. Meza ya jirani kulikuwa na wazee wa Kichina watatu, kila mmoja akimiminiwa chai anagonga meza kwa vidole viwili, tktk. Nikamuuliza binti, huyo anaita nani? Akasema haiti mtu, kwao hiyo ni kusema asante, mdomo ukiwa na kazi nyingine. Nikaona mbona rahisi. Nilipomiminiwa tena, nikagonga kwa ngumi. Vikombe viliruka. Mzee mmoja akashika kifua. Mama mwenye mgahawa akachungulia kutoka jikoni na mwiko mkononi, nami nikawapungia wote kama diwani.

Ikaja menyu. Ina picha, nikashukuru. Ukurasa wa kwanza kuna kitu cheusi, kimelala kwenye rojo, kinang'aa. Binti akasema ni jongoo bahari. Hapo nikafunga menyu kwanza. Jirani yangu wa Unguja alishanisimulia kwamba kwao wanawafuga baharini ndani ya nyavu, wanawakausha, wanasafirishwa mpaka China, na bei yake ukiisikia unaweza kumheshimu jongoo. Lakini wenyewe hawali. Binti akaninong'oneza kwamba wazee wale wanasema anaongeza nguvu. Nikamkumbuka kaka wa pweza. Jongoo na mtungi mtaani kwetu ni kesi nyingine, siwezi kuonekana nimemwagiza mbele za watu.

Nikasema nataka samaki wa kawaida. Nikapelekwa kwenye tangi la kioo, nichague mwenyewe. Kuna kaa wamefungwa magando kwa kamba, wanaangalia ukuta kama washtakiwa. Kuna chewa wanne wanaogelea taratibu. Mimi samaki nimezoea kukutana naye akiwa ameshamaliza mambo yake ya dunia. Huyu unamwonyesha kidole na yeye anakuangalia. Nikaonyesha mmoja, akageuka. Nikaonyesha mwingine. Mwishowe nikafumba macho nikaelekeza kidole, nikampata mkubwa kuliko wote.

Akapimwa mbele yangu. Kilo moja na gramu 400. Kwenye menyu bei ni 30,000, na mbele yake kuna kialama cha Kichina, kama kashoka kadogo kamesimama. Nikasema haya ni mapambo yao. Nikapiga hesabu: ikitokea bahati mbaya hawajanielewa kuhusu bure, ni 42,000. Wali 4,000. Nabakiwa na elfu nne. Uso haufilisiki.

Wali ukatangulia na vijiti. Nilitaka mikono yote miwili kwa ajili ya simu, kwa hiyo nikavichomeka vijiti wima katikati ya bakuli, vikasimama vizuri kama minara. Nikapiga picha. Wazee wakaacha kutafuna. Binti akaja mbio, akavichomoa, akavilaza. "Baba, hivyo ndivyo wanavyochomeka udi wa marehemu." Yaani mimi nimekaa peke yangu, meza ya watu kumi, nimejifanyia arobaini.

Chewa akaja mzima kwenye sahani ndefu, kichwa kimeelekezwa kwangu. Binti akasema hiyo ni heshima ya mgeni. Kwa kweli jicho lile lilikuwa linanidai. Nikazungusha kioo kidogo, kichwa kikaangalia ukuta. Mama mwenye mgahawa akapita, akakirudisha. Akaondoka, nikakizungusha. Akarudi, akakirudisha, safari hii akasimama.

Na samaki mwenyewe hakukaangwa! Kapikwa kwa mvuke, kalazwa na tangawizi na majani ya kitunguu, akamwagiwa soya sosi na mafuta ya moto juu yake, chaaa, basi. Mimi nimelelewa kwamba samaki asiyekauka mpaka mifupa ikatafunika huyo ni mgonjwa. Lakini nilipoonja, aisee. Nyama inateleza yenyewe. Bahari tupu. Upande mmoja ukaisha sijapumua. Nikashika mkia nimgeuze, na mama mwenye mgahawa akanidaka mkono. "Kaka, usigeuze! Unapindua mashua ya wavuvi." Akanionyesha: unanyanyua mfupa wote, unauweka kando, unaendelea upande wa chini. Nikanyanyua mfupa. Ukaniponyoka, ukaangukia kwenye kioo kinachozunguka, ukaanza safari ya viti tisa.

Hapo ndipo nikatuma status. Picha ya chewa wakati bado mzima, na maneno: "Wakuu, leo kimataifa. Mtaa wetu umepanda hadhi rasmi. Kinondoni ya leo si ile ya jana. Nyota nne." Nyota ya tano niliizuia, wasije wakazembea.

Bili ikaja. 88,000.

Nikacheka. Nikamwita mama, nikamwambia kwa upole wa mchambuzi, hapa pamekosewa, halafu kuna lile suala la bure. Akasema bure ipo, ni chai. Kisha akanionyesha kale kashoka. "Kaka, hii siyo kilo. Hii ni jin. Jin ni nusu kilo." Samaki wa kilo moja na gramu 400 ana jin mbili na pointi nane. Akanigeuzia kikokotoo: 84,000, weka wali. Akaniuliza mbona sikuuliza. Mimi niulize? Mchambuzi?

Nikampigia mpwa wangu. Hapatikani. Nikampigia mke wangu, akauliza nipo wapi, nikakata. Nikafungua status nione nani kaona, nichague wa kumlilia. Wa kwanza kabisa juu: baba mwenye nyumba. Na ujumbe wake umeshaingia. "Nimeona samaki. Kodi je?"

Vidole vikatetemeka. Nikaandika, "Shikamoo Mzee. Nilitaka tuongelee hilohilo. Una 38,000 hapo?" Kimya. Wazee wa meza ya jirani wakaagiza chai nyingine. Simu ikalia, muamala umeingia, na maneno matatu: "Kichwa usile, funga." Binti akanifungia, nikakibeba kile kichwa mpaka nyumbani, jicho limebana kwenye nailoni, linanidai njia nzima. Mzee alikipokea getini, akakila na ugali palepale kwenye kigoda, akanyonya mpaka shavu. Akasema wanajua kupika. Nikamwambia ndiyo maana nimewapa nne.

Nilipopita pale kwenye nguzo usiku, Mama Zuhura akaniuliza eti nimekula samaki wa kuchemsha kwa laki. Nikamwambia si laki, na si wa kuchemsha, ni wa mvuke. Akageuza changu kwenye karai. "Wa mvuke lazima awe mbichi wa leo," akasema, "pale huwezi kuficha kitu. Nawaonaga Feri mnadani alfajiri, wananizidi bei kila siku." Halafu akanifungia mkia.

Wiki iliyofuata ikaja karatasi chini ya mlango. Kuanzia mwezi ujao kodi inatoka 100,000 kwenda 130,000. Sababu: mtaa umepanda hadhi rasmi, Kinondoni ya leo si ile ya jana. Neno kwa neno. Wapangaji wote sita tumepata karatasi hiyohiyo, na wenzangu wote watano wamo kwenye wale 41. Bombani asubuhi naitwa Mkuu, na si kwa wema. Jana nimekuta ndoo yangu imesogezwa nyuma kabisa ya foleni, imegeuzwa chini juu.

Nikampelekea mpwa wangu ile karatasi aone alichonifanyia. Akaisoma mara mbili, macho yakamng'aa. "Anko," akasema, "huu sasa ndio unaitwa ushawishi." Kisha akaniomba buku mbili za bando.