Maziwa ya Maharagwe

Mpwa wangu aliishi chumba kimoja na Wafilipino kule Satwa, Dubai, na katika yote waliyomfundisha, lililotufikia sisi Njoro ni tokwa't baboy. Masikio na nyama ya tumbo ya nguruwe huchemshwa mpaka yalainike, tofu hukaangwa hadi iwe ya kahawia, kisha vyote hukatwakatwa na kumwagiwa siki, soya sosi, vitunguu na pilipili. Kwao huliwa pamoja na bia, au na uji mzito wa mchele. Dubai, kwenye supamaketi zinazomuuza, nguruwe hutengewa chumba chake chenye kibao cha wasio Waislamu, na tofu imejaa rafu. Kwetu nguruwe yuko wazi. Tofu ndiyo imejificha.

Nyama ya tumbo tuliipata Nakuru mjini bila taabu. Nilipotaja masikio, mwenye bucha aliweka kisu chini.

"Boss, mbwa wako ni wa aina gani?"

Nikamwambia tunakula wenyewe. Akaangalia viatu vyangu, akaniongezea sikio moja bure.

Tofu ilibidi tuitengeneze, kuanzia soya yenyewe. Mama wa nafaka alitaka kutuuzia soya ya kunywa, ile iliyokaangwa na kusagwa, tukambembeleza atupimie nzima, gorogoro moja. Ikalowekwa usiku kucha. Asubuhi blenda ilizunguka kidogo, stima ikapotea. Tukabeba beseni hadi kwa mwenye mashine ya dizeli ya kusaga unga. Alichungulia ndani, akasema yeye husaga mahindi makavu, supu bado hajaanza. Tukarudia kinu.

Kelele za mchi zilimleta jirani yetu, Gogo.

"Mnatwanga nini?"

"Tunatengeneza maziwa, Gogo."

"Maziwa ya nini?"

"Ya maharagwe."

Akanyamaza kidogo. "Kwani ni nani amewanyima ng'ombe?"

Msimlaumu. Huku ndiko nchi ya maziwa. Hata kampuni ya maziwa ya KCC ilianzia hapo Naivasha mwaka 1925, na mursik ya Gogo, yale maziwa ya kuganda, hupelekwa kwenye harusi za watu asiowajua. Alivuta kiti akaketi, kwa maana jambo kama hili halifai kukosa shahidi.

Maziwa ya soya yana hila. Povu hupanda kabla hayajachemka, kwa hiyo ukidhani yameiva, hayajaiva, na ukidhani bado, yako sakafuni. Yetu yaliuzima moto wa meko yakaendelea na safari. Yaliyobaki mpwa wangu aliyatia siki, yakagawanyika: mabonge meupe juu, maji ya manjano chini. Hapo Gogo akasogeza kiti karibu. Mambo ya kuganda anayajua.

Mabonge hufungwa kwenye kitambaa na kukandamizwa. Kizito kilichokuwa karibu kilikuwa mtungi wa gesi wa akiba, wa kilo 6. Hizo kilo 6 ni za gesi tu, chuma hakijahesabiwa. Tofu ilitoka nyembamba kama chapati.

Wakati huo masikio yalikuwa yanachemka tangu asubuhi. Satwa iko pwani. Njoro iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100, na kila mpika githeri wa huku analijua hilo bila kipimajoto. "Anko, kule ni saa moja tu," mpwa wangu alirudia kila alipochoma uma. Tukaihurumia gesi, tukahamia jiko la makaa, na masikio yakaendelea kusikia yote tuliyoyasema juu yao.

Tulikula usiku. Ule wembamba uliifanya tofu iwe kavu na ya kuvunjika mdomoni, na siki na vitunguu viliufanyia unono wa nguruwe kazi ya kachumbari, tena kwa bidii zaidi. Gogo hagusi nguruwe, kwa hiyo tofu yake ilikaangwa mapema, kwa mafuta yake. Alitafuna polepole, akasema haina makosa, ila anasikia kabisa kwamba ng'ombe hakuhusishwa. Kisha akauliza kama tuna kazi na yale machicha ya soya. Akaondoka na beseni zima.

Asubuhi alirudi na jagi la maziwa, yangali na joto la kiwele.

"Haya," akasema, "maziwa ya maharagwe. Mlikuwa mmeruka hatua moja tu."