Namna ya Kuipasha Joto Nyumba ya Babu

Umerithi nyumba ya zamani Sumbawanga, ya matofali mabichi, na umeapa kuikarabati isile mkaa wala umeme. Hongera. Panga kazi ukiwa Dar es Salaam, kwenye feni. Ufipa, ulipo mji huo, iko mita 1,800 hivi juu ya bahari, lakini baridi ya Juni utaijua hukohuko.

Kwanza ezua nyasi. Nyasi ni umaskini, na jirani anatazama. Ezeka bati la rangi, wala usihangaike na dari, maana dari haionekani barabarani. Usiku joto lote litatokea juu, na alfajiri bati litakudondoshea matone kitandani. Nunua hita. Kwa miaka mingi mji huu ulitumia umeme ulionunuliwa Zambia: joto likavuka mpaka kuja kutokea paani. Mvua ikinyesha hutamsikia mgeni wako sebuleni, jambo ambalo wengine hulihesabu faida. Mtu bahili angeanza na dari, hata ya mbao za bei rahisi, na fedha iliyobaki akala. Wewe si bahili.

Kuta za wazee ni nene; hunywa jua mchana na kulirudisha usiku. Zipige lipu ya saruji. Unyevu unaopanda kutoka chini utakosa pa kutokea, lipu itabanduka mapande mapande, na fundi atarudi. Mafundi huwapenda wateja wa namna hii.

Vitabu vya Ulaya vinaagiza dirisha kubwa litazame kusini. Tii. Huku tuko kusini mwa Ikweta: Juni jua hupita kaskazini, upepo wa baridi hutoka kusini-mashariki. Dirisha lako litapata upepo.

Halafu umesikia habari za nyumba moja ya Darmstadt, Ujerumani, ya mwaka 1991, isiyovuja hewa ila kidogo sana. Unataka kuziba matundu yote. Wale waliweka mashine ya kubadilisha hewa usiku na mchana. Wewe una jiko la mkaa. Hapa sitanii: jiko hilo likiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa sumu isiyo na harufu, nanyi hamuamki. Jiko libaki nje hata likionekana limezimika, na tundu la juu ya dirisha liachwe wazi.

Upenyo wa chini ya mlango, huo ziba. Gunia kuukuu linatosha, ila usimwambie fundi.