Heko, Alama ya Makisio

Daladala limeimbiwa, ugali umeandikiwa, hata foleni ya Ubungo ina watetezi wake. Alama ya makisio haina hata mpiga zumari. Namaanisha ile herufi moja ambayo mwalimu huiandika kwenye fomu ya chuo cha ng'ambo, kuonyesha mwanafunzi atapata nini katika mtihani ambao bado hajaufanya. Mimi ni mwalimu wa taaluma katika shule moja ya bweni. Nimeziandika nyingi, nikazigonga muhuri, nikazisindikiza kwa dua. Si haki nistaafu bila kuzisemea neno.

Nianze na nasaba, kama ilivyo ada ya kumsifu mtu wa watu. Baba wa alama ya makisio ni moko, ule mtihani ambao kwa lugha ya ofisini huitwa wa utamilifu. Kidato cha sita huufanya miezi michache kabla ya ule wa NECTA, baraza la mitihani la Tanzania. Moko hutungwa kwa roho ngumu, na hiyo ndiyo sifa yake. Nina mwenzangu wa Fizikia anayeamini kwamba moko isiyomliza mtu haijatungwa bado. Nia yake ni njema: mtoto apate S Februari, ashtuke, azime simu, apate B Mei. Moko ni mjomba mkali anayekutajia makosa yako mbele ya wageni. Alama ya makisio ni bibi. Mwambie bibi umepata asilimia 38, atakuuliza kama asubuhi ulikuwa umekula.

Sasa tazama muujiza wa kuzaliwa kwake. Mtihani wa kidato cha sita hufanywa Mei na matokeo hutoka Julai. Vyuo vya Uingereza hufungua mwaka wao karibu na Oktoba, lakini anayeomba Oxford, Cambridge au udaktari anatakiwa awe ameshatuma fomu kufikia Oktoba 15 ya mwaka unaotangulia. Wengine wengi wanafungiwa mlango Januari. Vyuo vingi vya Marekani hufunga siku za mwanzo za Januari, na wale wenye haraka hufunga Novemba mosi. Hesabu mwenyewe. Moko ni Februari, ikichelewa Machi. Ndiyo kusema alama ya makisio huzaliwa kabla ya baba yake. Kwa jirani zetu wa Kenya, ambako mtihani wa KCSE ni Novemba na moko hufanywa katikati ya mwaka, angalau mtoto anamjua baba. Huku kwetu amelelewa na bibi tangu siku ya kwanza.

Fadhila yake ya kwanza ni imani. Vyuo vyetu vya nyumbani havina imani: vinangoja NECTA itangaze, ndipo TCU, tume ya vyuo vikuu, ifungue dirisha la udahili, ndipo mtoto aombe kwa alama aliyonayo mkononi. Ushamba mtupu! Mzungu wa chuo kikuu, ambaye hajawahi kukuona wala hajui Songea iko upande gani, anapokea neno la mwalimu wako na kukujibu kwa ofa yenye masharti. Ni posa kamili: mshenga ametumwa, mahari imetajwa, na bwana harusi bado yuko darasani anapambana na kani na msuguano. Shaaban Robert alituchorea Kusadikika, nchi iliyo angani. Nadhani wote tulioandika makisio tungepewa uraia kule bila kuulizwa cheti cha kuzaliwa.

Fadhila ya pili ni huruma, na hii niliiona kwa macho yangu, Januari moja, siku ya tatu baada ya kufungua shule. Alikuja mama mmoja ofisini na bintiye wa PCM, wakiwa wameshika bahasha ya kaki. Dirisha la chuo cha Uingereza lilikuwa linafungwa wiki hiyohiyo. Barua ilikuwa imeshachapwa steshenari, yenye nembo ya shule juu, na katikati pana nafasi tatu tupu: Fizikia, Kemia, Hisabati.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja kujaziwa."

Nikafungua daftari la maendeleo. Mtihani wa mwisho aliokuwa ameufanya yule binti ni ule wa kumaliza kidato cha tano: Fizikia C, Kemia C, Hisabati D. Nikamgeuzia mama daftari aone mwenyewe. Hakuliangalia.

"Mama, mtihani ni Mei."

"Najua ni Mei. Sisi tumeulizwa Januari."

"Basi niandike nini?"

Akamtazama bintiye, akanitazama mimi. "Andika unavyomwombea."

Nimesoma ualimu chuoni, nimehudhuria semina za upimaji na tathmini, na hakuna aliyewahi kunipa tafsiri safi kama hiyo. Nikashika kalamu. Fizikia A. Hisabati A. Kwenye Kemia nikasita, nikaandika B.

"Hiyo B ni ya nini, Mwalimu?"

"Ni ya kuonyesha kwamba sikukurupuka."

Akatikisa kichwa, ameelewa. Muuza nazi mzuri hukuonyesha moja mbovu ili uamini zilizobaki. Likabaki suala la muhuri, na pedi ya wino ilikuwa imekauka tangu likizo. Yule mama akachomoa kalamu ya bintiye, akaivunja, akadondoshea wino kwenye pedi, akaisugua kwa kidole gumba. Muhuri ukatoka wa bluu upande mmoja na mweupe upande mwingine, kama mwezi wa siku saba. Barua ikaenda kuskaniwa.

Fadhila ya tatu ni malezi. Alama ya makisio huwafundisha unyenyekevu watoto wa shule za kata. Katika shule za ada kubwa kuna ofisi maalumu ya kuwaelekeza watoto vyuo vya nje. Mtu anayekaa humo anajua A ya makisio huandikwaje, isindikizwe na sentensi gani, na B ya kuonyesha ukweli iwekwe somo lipi. Kwenye shule ya kata, mwalimu mmoja wa Hisabati ana mikondo minne na hajawahi kuona fomu hiyo. Ikimfikia, huona ni dhambi kuandika kisichokuwamo daftarini, akaandika D kwa mkono ulionyooka. Mtoto wake naye hujifunza mapema kwamba mkweli hupewa pole na mwenye uzoefu hupewa ofa. Shule gani nyingine ingemfundisha somo hilo bure?

Najua wabaya wake hawakosi. Mwaka 2016 mtafiti Gill Wyness wa chuo kikuu cha UCL alichungulia makisio ya waombaji wa vyuo huko Uingereza, akakuta kwamba ukichukua alama zao tatu bora, asilimia 16 tu walipata sawasawa na walichokisiwa. Asilimia 75 walikisiwa juu kuliko walichovuna. Watu wakashika vichwa. Mimi nilifurahi: robo tatu ya watoto walikuwa na mtu mzima aliyewatakia mema kwa maandishi! Ni kweli, utafiti huohuo ulionyesha kwamba miongoni mwa wale waliofaulu sana, waliotoka familia za kipato kidogo ndio waliokuwa na bahati mbaya zaidi ya kukisiwa chini. Kumbe hata kule bibi huwa na wajukuu awapendao.

Wengine wamejaribu kumfukuza kabisa. Tangu mwaka 2004 kamati ya Schwartz iliishauri serikali ya Uingereza kwamba watoto waombe vyuo wakiwa na matokeo yao. Mwaka 2021 serikali ikaita maoni ya wadau juu ya jambo hilohilo. Mwaka 2022 ikaghairi, mambo yakabaki yalivyokuwa. Mwenye adui wa namna hiyo hana haja ya rafiki.

Na mwaka 2020 alama ya makisio iliketi kwenye kiti cha enzi. Korona ilipofunga shule, Waingereza walifuta mitihani, wakasema walimu wataje alama ambazo kila mtoto angepata. Kisha wakaingiwa na wasiwasi kwamba walimu wana huruma mno, wakaitwika kompyuta kazi ya kusahihisha huruma hiyo. Agosti 13 matokeo ya England yalipotoka, karibu asilimia 40 ya alama za walimu zilikuwa zimeshushwa. Watoto wakaingia mitaani na mabango. Siku nne baadaye serikali ikarudi nyuma, ikawapa neno la mwalimu lilivyokuwa. Kompyuta ilishindana na bibi, ikashindwa. Huku kwetu hatukuthubutu. Kidato cha sita waliitwa shuleni Juni 1, na mwisho wa mwezi huo wakaingia chumba cha mtihani na kalamu zao kama kawaida.

Wahenga nao nawaweka katika kundi la wapinzani, maana walituonya tusikate kanzu kabla mwana hajazaliwa. Kwa heshima zote, wahenga hawakuwahi kuomba viza. Ukingoja mwana azaliwe Julai, ndipo uombe chuo, ndipo upate barua ya udahili, ndipo upange miadi, ndipo upimwe kifua kikuu, mwana atakuwa na meno na darasa litakuwa limeanza. Kanzu lazima ikatwe mapema. Ikimbana, atavuta pumzi, ikimpwaya, atakua.

Mnabaki mnauliza habari za yule binti. Ofa ilikuja mwezi Machi, yenye masharti: A mbili na B moja, kama nilivyoomba. Wiki hiyohiyo moko ilitoka, na mjomba alikuwa amempa E ya Hisabati. Basi akawa na karatasi mbili mkobani, moja ya Mzungu inayomwita A, nyingine ya shule yake inayomwita E, na nyuma ya zote mbili kuna saini yangu. Alikuja kuniuliza aamini ipi. Nilimwambia asome.

Julai matokeo yakatoka. Fizikia B. Hisabati C. Kemia, ile niliyoipunguza ili nionekane mkweli, alipata A. Katika masomo matatu sikupata hata moja. Chuo cha Uingereza kikamwandikia barua ya adabu, ndefu, ambayo maana yake ni hapana. Yeye akaingia dirisha la hapa nyumbani na alama zake halisi, na sasa anasoma uhandisi. Hakuna aliyemuuliza mwalimu wake alikuwa anamwombea nini.

Nilidhani mama yake atanikasirikia. Mwezi uliopita simu iliita nikiwa nasahihisha, nikasikia sauti yake.

"Mwalimu, mdogo wake ameingia kidato cha sita."

"Hongera, mama."

"Ahsante. Basi mimi nitakuja Januari. Na safari hii usihangaike, pedi ya wino naja nayo mwenyewe."